Suruali ya Baba kwenye Magoti ya Mama

Mama yangu hajawahi kuvaa suruali maishani mwake. Muulize hata leo, atakuapia bila kupepesa macho, na huenda wakati anaapa amevaa suruali ya pajama ya marehemu baba, ya mistari ya bluu na nyeupe, chini ya gauni, chini ya kitenge, chini ya kanga. Kwake yeye hapo hakuna uongo. Suruali ni ile nguo ambayo mwanamke anakwenda sokoni na kujinunulia. Nguo ya mume wako ni nguo ya mume wako, na baridi ikizidi unaivaa. Nimebishana naye juu ya hili mpaka nimechoka. Wanaotutania Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko chakula hawajakutana na mama. Angesomea uwakili, magereza yangebaki na askari peke yao.

Baba alikuwa mwalimu, mrefu kama nguzo ya simu, na kule kwetu Vudee alikuwa mtu wa kwanza kumiliki nguo iliyoshonwa kwa kazi ya kulala tu. Wenzake walilala na shati la jana. Yeye akishakula alikuwa anabadilisha nguo taratibu, anafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama anakwenda kwenye sherehe, halafu anakwenda kulala. Tulimcheka sana. Alipofariki ndugu waligawana nguo zake kama ilivyo desturi, makoti na mashati, hata kofia, lakini suruali ya pajama hakuna aliyeitaka. Ikabaki na mama, na hakuna aliyeuliza alikuwa anaifanyia nini.

Mimi nilikuja kujua mwaka ule aliposhuka kwangu Same kutibiwa magoti. Ninaishi mjini, karibu na stendi, ninauza chai na chapati asubuhi, na mume wangu anashona viti vya magari kwenye kibanda upande wa pili wa barabara. Nyumba yetu ni ya kawaida, ya joto na vumbi na ule upepo wa Same ambao ukianika shuka unakwenda kuliokota kwa jirani. Daktari alimwangalia mama, akamwambia magoti yamechakaa, umri huo, lakini asiache kutembea na asiyaache yapigwe na baridi. Mama akaitikia vizuri. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Arusha, akapiga simu kuuliza daktari amesemaje, nikamweleza.

"Joto si liko Same?" akasema. "Basi abaki hapo hapo kwako. Juni ikiingia kule juu na ule ukungu, magoti yataisha kabisa. Ng'ombe atauzwa, nyumba tutafunga."

Alikuwa na nia njema, na tena ndiye aliyekuwa analipia dawa. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, na simu yangu ina sauti kubwa kuliko mimi, kwa hiyo alisikia kila kitu. Aliendelea kuchambua kama hakusikia. Baadaye, nikiwa nakanda unga, akasema polepole, "Wakinishusha huku, mwanangu, mimi nitafia kwenye kochi."

Nikamwambia asiseme hivyo. Lakini nilijua anachosema. Mama anaamka na migomba yake, anaongea na ng'ombe wake kwa Chasu, lugha yetu, anajua kila jiwe la ule mteremko. Hapa mjini kazi yake ilikuwa kukaa. Na niseme ukweli, mimi nilimpenda akikaa. Nilikuwa narudi kutoka kwenye chai, watoto wakiwa shule, nakuta mtu ndani ya nyumba, ananitania kwamba chapati zangu ni nene kama ndala. Kwa hiyo moyo wangu ulikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikuwa unakubaliana na kaka.

Siku moja nikaamua kufua nguo zake. Nikafungua furushi lake, na chini kabisa, imekunjwa ndani ya kanga, nikaikuta pajama ya baba. Jamani! Magotini ilikuwa imelika mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Pale pa kukalia palikuwa na mpasuko mrefu. Kamba ya kiunoni ilishakatika na badala yake ilipitishwa kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Na kwa kuwa baba alikuwa mrefu na mama ni mfupi, miguu ilikuwa imekunjwa juu na kushikizwa kwa pini, mkunjo mnene kama soksi za mpira.

Nikaanza kucheka. Mama akaja mbio, na kwa mtu mwenye magoti mabovu alikuja mbio kweli, akaninyang'anya.

"Mama, unavaa hii?"

"Funga mlango kwanza."

Nikafunga. Akaniambia. Tangu mwaka wa kwanza wa ujane alikuwa anaivaa kila baridi inapoingia, chini ya nguo zake, akienda kukata majani, akienda kanisani, hata akiimba kwaya. Ndiyo iliyokuwa inamfanya apige magoti na kuinuka. Msimu uliopita ilichakaa magotini, upepo ukaanza kupita, na maumivu yakaanza hapo hapo.

"Sikuumwa mimi," akasema. "Suruali ndiyo iliyoumwa."

Nikamwambia nitamnunulia nyingine nzito, mitumba ipo tele sokoni, za kike kabisa, nyingine zina maua. Akaniangalia kama nimemtukana. Yeye, mwanakwaya wa Kilutheri tangu usichana, avae suruali? Nikajaribu kumwonyesha kwamba alichokishika mkononi ni suruali. Hapo ndipo nilipopewa ile hukumu niliyoieleza mwanzo, juu ya nguo ya mume wako.

Halafu akanishika mkono, na uso wake ukabadilika. "Nitengenezee hii. Ikitengenezeka, mimi nitarudi kwangu na baridi yao hainipati. Isipotengenezeka, kaka yako ameshashinda."

Nikamwahidi. Nilisema ndiyo kwa mdomo mzima, na mkono wangu wote ni wa chapati, haujui sindano.

Mnaweza kushangaa, mume anashona viti vya magari, ana mashine inayopitisha uzi kwenye ngozi ya kiti kama kisu kwenye parachichi, kwa nini nisimpe yeye? Kwa sababu yeye ni mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwewe wanapendana kwa mbali. Wanasalimiana, shikamoo mama, marahaba baba, kisha kila mmoja anatafuta njia yake. Hawakai kochi moja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Na nguo ya ndani ya mama mkwe, hiyo mkwe haishiki, haioni, haijui kama ipo duniani. Siku hizi vijana wamelegeza mambo, wanapiga picha wameshikana mabega na wakwe zao. Mume wangu ni mtu wa Kisiwani, kijiji cha kule tambarare, na watu wa tambarare tuliwasikia zamani kwamba wamechangamka, lakini kwenye hili yeye anatushinda sisi wa milimani. Mama akipita sebuleni, yeye anageukia ukuta na kuusoma.

Basi nikaifanya kazi mwenyewe, kwa siri, kwenye cherehani yetu ndogo ya mkono. Nikakata ile miguu kwenye urefu wa mama, na vipande vilivyobaki nikavigeuza viraka, viwili viwili kila goti. Mpasuko wa nyuma nikauziba. Mishono ilikwenda upande upande kama njia ya kushuka Mwembe, lakini ilishika. Nilibakiza lastiki ya kiunoni tu. Nikaikunja vizuri, nikaiweka kitandani kwetu, nikatoka kwenda dukani kununua lastiki.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mume wangu alirudi mapema kuliko kawaida, akaoga. Sasa mjue kazi yake. Anashinda amepiga magoti ndani ya magari, anafunga na kufungua viti, na kila siku analalamika magoti yanawaka moto, na kwamba ndani ya nyumba hii hakuna anayemjali fundi. Anaingia chumbani, anakuta kitandani suruali laini ya kukaa nyumbani, imekunjwa kwa upendo, na magotini ina viraka vya tabaka mbili. Nani asingefurahi? Akaivaa. Kiuno kililegea, akakifunga kwa kamba ya kiatu. Ilimfika katikati ya muundi, akadhani ni mtindo.

Mimi ninarudi na lastiki yangu, ninamkuta mama uani, amesimama uso kwenye ukuta wa banda la kuku, kanga amejifunika mpaka kichwani.

"Mama, kuna nini?"

"Mkwe ameingia kwenye nguo yangu."

Sikuelewa. Nikaingia ndani. Mume wangu alikuwa mbele ya televisheni, anaangalia mpira, miguu juu ya stuli, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama watoto," akasema, "kwa hili umenikumbuka. Imenikaa! Ila hapa chini umekata fupi."

Akaniambia amemsalimia mama vizuri tu akiwa anapita, shikamoo mama, na mama hakuitikia, akatoka. Labda anaumwa?

Nilikaa chini. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, nikakibana na upande wa kanga mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamwambia ile ni nguo ya nani.

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Stuli ilikwenda huku, rimoti kule. Alijifungia chumbani, na nguo ikatolewa kwa kupitia upenyo wa mlango, ameishika kwa ncha za vidole viwili. "Nimevaa nguo ya mama mkwe," nilimsikia anajisemea. "Tena ameniona. Tena nimemwamkia nayo! Kisiwani wakisikia hili, mimi nahama wilaya." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa kibandani kwake mpaka wakati wa chakula, na hapo hakuwa na gari hata moja la kushona.

Mimi nilidhani tutacheka na yataisha. Nikampelekea mama suruali yake, nikamwambia nitaifua, nitaichemsha, nitaipiga pasi ya mkaa mpaka isahau. Mama hakuinyooshea mkono.

"Haiwezekani, mwanangu. Mwili wa mkwe umeingia humo. Haiwezi kurudi kwangu."

"Mama, ni dakika chache tu."

"Hata angeingiza mguu mmoja." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kujikanda goti moja kwa kiganja, polepole. "Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie atafute mteja wa ng'ombe."

Hapo kicheko kiliniisha. Ule upande wa moyo wangu uliokuwa unakubaliana na kaka haukufurahi hata kidogo. Nilimwona mama kwenye kochi, mwaka huu na mwaka unaofuata, na mimi ninamletea chai na yeye anasema asante. Niliogopa hiyo asante. Nikamwambia simu haina chaji.

Kesho yake tulikwenda kanisani, mama mbele na mimi nyuma, mume wangu mbali kabisa kama hatujuani. Baada ya kula yeye akaketi barazani, mgongo ameegemeza ukuta karibu na dirisha. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha hilo hilo. Mimi nikasimama mlangoni. Ikawa kesi, na mimi karani wa kupeleka maneno, ingawa kati yao palikuwa na pazia tu na kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua.

"Mama watoto," mume wangu akaanza, "mwambie mama naomba radhi. Sikujua."

"Mama, anaomba radhi, hakujua."

"Mwambie nimesikia. Sina neno naye. Lakini nguo ni nguo."

Kuku wakapita. Mama akakohoa kidogo, na mimi ninamjua, anakohoa hivyo anapopata mwanya.

"Muulize. Lile blanketi aliloniletea siku ya mahari, alilishika kwa mikono yake?"

"Nililishika," mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Sijamuuliza yeye, nimekuuliza wewe umuulize."

"Ulilishika?"

"Nililishika. Nililibeba begani toka barabarani mpaka mlangoni."

"Amelibeba begani, mama."

"Na mimi ninajifunika nalo mpaka leo, na kanisa zima linajua. Kwa hiyo mkwe hakatazwi kumletea mama mkwe kitambaa." Akakohoa tena, akiipanga kesi yake. "Sasa nauliza jingine. Suruali ikifumuliwa mishono yote, kila uzi, inakuwa nini?"

"Inakuwa kitambaa, mama!" Mume wangu alikuwa ameshasimama.

"Mwambie akae. Sijamuuliza yeye."

Lakini sauti yake ilikuwa inacheka. Hukumu ikatoka hivyo: nguo ifumuliwe yote usibaki hata uzi mmoja ulioshika, kwa sababu nguo yenye mshono bado inamkumbuka aliyeivaa. Ifuliwe. Kisha mkwe ailete kama kitambaa, kwa heshima, kama watu wanavyoleta, na binti ashone upya. Mimi nikamuuliza kama hii ni desturi ya kweli au ameitunga sasa hivi. Akaniambia desturi zote kuna siku zilitungwa.

Kwa kufumua, mume wangu hana mpinzani, maana kila kiti cha gari kinaanza kwa kufumuliwa. Aliketi barazani na wembe, akaing'oa ile mishono yangu mibaya bila kusema neno baya juu yake, na nikajua anajibana sana. Mishono ya zamani, ya fundi aliyemshonea baba, aliifumua taratibu zaidi. Vipande vikafuliwa, vikaanikwa mchana kweupe, kwa kuwa sasa ni kitambaa na kitambaa hakina aibu, na upepo ukachukua kimoja tukakikimbiza mpaka kwa muuza mkaa. Vikapigwa pasi.

Jumapili iliyofuata akavaa koti lake la harusi, kwenye joto lile. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaja kubisha hodi mbele kama mgeni wa kutoka mbali. Mikononi alikuwa na kifurushi kilichofungwa ndani ya kanga mpya: vile vipande, na juu yake kiblanketi kidogo cha mtoto, kipya, chepesi na laini, chenye picha za dubu. Alikuwa amekinunua mwenyewe. Alisema anasikia kwamba siku hizi watu wa kushona huweka kitu katikati ya matabaka. Hakutaja magoti. Nikapokea kwa mikono miwili, nikampelekea mama ndani. Mama akafungua, akapitisha kidole kwenye ile mistari ya bluu, kisha akapiga kigelegele, kimoja, peke yake, kirefu, mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna mchumba. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nilikuwa na vipande juu ya meza na sijui kipi kinakwenda wapi. Mume wangu haruhusiwi kugusa tena, ameshatoa. Basi akavuta kiti chake, akakaa barazani, mgongo kwetu, uso kwa barabara, akawa anafundisha hewani, kana kwamba anaongea juu ya gari.

"Tuseme," akasema, "mteja ameleta kiti cha Noah."

"Ndiyo, fundi."

"Kiti cha dereva kinaanza kuchakaa pale anapokalia. Hapo usiweke moja. Weka mbili, na mshono usipite katikati, upitishe pembeni, maana katikati ndipo uzito unapokaa."

Ndani nilimsikia mama akicheka ndani ya kanga yake mpaka kikohozi kikamshika. Na mimi na cherehani yangu tunacheka, na mshono unakwenda hivyo hivyo. Nadhani hakuna nguo duniani iliyoshonwa kwa kicheko kama ile. Nilikata kile kiblanketi, kila goti likapata kipande chake katikati ya tabaka mbili, na dubu wanne wakafungiwa humo. Mama akauliza dubu ndiye nani. Nikamwambia ni mnyama wa nchi za baridi. Akasema anafaa.

Tulipoijaribu mara ya kwanza haikufaa. Akisimama ilikuwa sawa kabisa, lakini akipiga magoti, viraka vilibaki juu mapajani na magoti yenyewe yakatua nje. Nilikata tamaa. Nikatoka barazani, nikasema kwa hewa kwamba kiti kimekaa vibaya.

"Ulimpima mteja akiwa amesimama?" mume wangu akauliza, bado anaangalia barabara. "Kiti hakipimwi mtu akiwa amesimama. Mkalishe kwanza, ndiyo upime."

Nikarudi, nikampigisha mama magoti juu ya mkeka, nikachora kwa kipande cha sabuni pale hasa magoti yanapotua, nikafumua na kushusha. Safari hii alipiga magoti, akakaa hivyo, akafumba macho. Nikamuuliza yanauma. Akashika ukingo wa kitanda, kisha akauachia, akainuka bila kushika kitu. Tukatazamana. Nilimkumbatia, na kupitia kanga na kitenge na gauni nilizihisi zile pedi za magoti zikinigusa kama mito miwili midogo.

Mwisho wa Juni tukampandisha Vudee, ukungu ukiwa umeshaanza kulala kwenye migomba asubuhi. Kaka alikubali kwa shingo upande. Alisema atakuja mwenyewe Julai, baridi ikiwa imekolea, na akikuta mama anachechemea atamchukua siku hiyo hiyo, na hataki kesi. Wiki zote hizo nilikuwa nauza chai huku nikihesabu mawingu ya kule juu mlimani. Nilikuwa naogopa atateremshwa, na nilikuwa naogopa hatateremshwa.

Siku yenyewe kaka alitupitia hapa Same na gari lake, mimi na mume wangu tukapanda naye. Tulipofika, ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata choo cha nje. Mlango wa mama ulikuwa umerudishiwa tu, na ndani moto umefunikwa majivu. Mama hayupo. Kaka akaanza kuwa mkali, eti mnaona, ameanguka mahali. Akaita. Sauti ikajibu kutoka chini ya mteremko, mbali, huku ikiimba. Kaka akashuka kumfuata akiwa na viatu vyake vya mjini.

Tulisubiri. Kwanza lilitokea tita la majani mabichi ya ng'ombe kwenye ukungu, likielea lenyewe. Kisha mama chini yake, ameyabeba kichwani, anapanda hatua kwa hatua, hapumziki. Nyuma yake, mbali kidogo, akatokea kaka, anashika mgomba huu, anashika ule, tope mpaka kiunoni upande mmoja.

Mama akatua mzigo. Akatuingiza jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza moto mpaka ukashika, akainuka, akaenda kuchukua sufuria ya makande, akapiga magoti tena. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya mlango, mahali pake pa heshima. Alikuwa anaangalia migomba, lakini kila mama alipoinuka nilimwona anatabasamu kwa pembe ya mdomo.

"Mama," kaka akauliza, bado anahema, "magoti vipi?"

"Ya kwangu au ya kwako?" mama akasema.

Tulicheka mpaka ng'ombe akajibu bandani. Kaka naye akacheka, akajipangusa tope, akasema dawa za hospitali ya Same lazima ni kali sana, atawaambia watu wa Arusha. Mimi na mama tukainama kwenye sufuria, hatukuthubutu kutazamana. Sahani ya kwanza ya makande, iliyojaa kuliko zote, ikatoka nje kwa mkwe, kwa mkono wangu. Habari ya kuuza ng'ombe haikutajwa tena, si siku hiyo wala baadaye.

Wakati wa kuondoka nilijikuta ninachelewesha. Nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikauliza kama chumvi ipo. Mama alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanifunga kanga yangu vizuri shingoni kama mtoto wa shule.

"Kile kitanda changu cha chumba cha nyuma," akasema, "kitoeni sasa. Chumba kikae wazi, watoto wapate pa kusomea."

"Sawa mama," nikamwambia.

Akageuka akapanda, ng'ombe hajala. Nililia njia nzima ya kushuka, mume wangu ameshika mkono wangu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo. Tulipofika nyumbani niliingia chumba cha nyuma. Nikabadilisha shuka tu.